Taa ya Injini Haitaji Jina

Kuna watu wanaogopa ile taa ya njano kuliko polisi wa barabarani. Ikiwaka kwenye dashibodi, kila mtu ana dawa yake. Kuna anayebandika selotepu nyeusi juu yake ili isimsumbue usiku. Kuna anayechomoa waya wa betri dakika kumi, anaurudisha, taa inazima, na anaendesha akipiga mluzi hadi Jumatano, siku inapowaka tena. Na kuna anayekuja gereji akiwa tayari na jibu: "Ni sensa. Nimeambiwa ni sensa. Toa tu hiyo uweke nyingine."

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Ni mwanamke, kwa hiyo wateja wapya huniuliza fundi mwenyewe ameenda wapi. Nimezaliwa Kipsongo, hapa Kitale, na gereji ninayofanyia kazi haiko mbali na nyumba niliyozaliwa, kama utakubali kuiita nyumba, maana wakati ule ilikuwa fito, matambara na karatasi za nailoni zilizofungwa kwa kamba. Nyanya yangu alipanda kutoka Turkana. Tunasema alipanda kwa sababu Kitale iko juu, karibu mita 1,900, na asubuhi za huku zina baridi ambayo yeye hakuwahi kuizoea. Wengi walifika hivyo, wamefukuzwa na ukame na wizi wa mifugo, wakitafuta kibarua kwenye mashamba ya mahindi ya Trans-Nzoia. Mji uliwapokea kwa majina mawili, na hayo majina tuliyarithi sisi wajukuu: watoto wa gundi, na wezi.

Sijaandika haya ili unihurumie. Nataka kukueleza habari ya sensa ya oksijeni, na habari ya Alhamisi moja ya Januari ambapo kijana mmoja nusura apoteze kazi kwa sababu ya tarakimu nne na herufi moja.

Tuanze na sensa yenyewe, kwa sababu bila kuielewa hutaona kilichotokea.

Injini ya petroli hula hewa nyingi kuliko petroli. Kila kilo moja ya petroli inataka karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Petroli ikizidi, moshi unakuwa mweusi, plagi zinavaa masizi, na pesa yako inatokea kwa egzosi. Hewa ikizidi, gari linakosa nguvu na kushtukashtuka. Anayepima petroli ni kompyuta ya gari, lakini kompyuta haioni kinachoendelea mle ndani kwenye moto. Ndiyo maana ikawekewa pua kwenye egzosi. Hiyo pua ndiyo sensa ya oksijeni. Inanusa moshi na kuripoti kama kuna oksijeni iliyobaki.

Ndani yake kuna kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platinamu nje na ndani. Upande mmoja unaguswa na moshi, upande wa pili unaguswa na hewa safi. Tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazalisha umeme kidogo sana: karibu volti 0.9 petroli ikizidi, karibu volti 0.1 hewa ikizidi. Sensa nzima haitulii. Inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na kompyuta inaongeza na kupunguza petroli kwa kuifuata. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1976, na magari ya kwanza kuivaa yalikuwa ya Volvo. Kwetu ilibidi ingoje, kwa sababu risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli zamani inaiua sensa hii, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006.

Kuna mambo mawili kuihusu ambayo mafundi wengi wa mtaani hawajaambiwa. La kwanza, ile kauri haifanyi kazi ikiwa baridi. Inataka joto la nyuzi 300 hivi, ndiyo maana imewekewa hita ndogo ya umeme ndani ili isingoje moshi uipashe. La pili, sensa nyingi za aina hii huvuta ile hewa safi kupitia nyaya zake zenyewe, katika nafasi ndogo kati ya nyuzi za shaba na plastiki. Ukizipaka grisi, au ukazilehemu ovyo, umeiziba pumzi. Itakufa polepole na utalaumu kiwanda.

Sasa turudi Alhamisi.

Probox moja nyeupe iliingia uani saa tatu asubuhi. Ni ya mwalimu wa sekondari, aliinunua kwa mkopo wa sako. Siku za wiki yeye huiendesha kwenda shule, wikendi ndugu yake mdogo anabebea watu na mizigo upande wa Kapenguria, na hiyo pesa ya wikendi ndiyo inalipa mkopo. Wiki tatu kabla, tulikuwa tumeibadilishia bushi za mbele na kuchomelea egzosi. Aliyelala chini ya gari siku hiyo alikuwa kijana wetu.

Huyo kijana nitamwita kijana tu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuja kwetu akiwa na chupa ya gundi ndani ya mkono wa sweta, ile chupa ya plastiki ambayo mtoto huishika kwa meno hata akiwa anaongea. Mzee wa gereji alimwambia chupa ibaki nje ya geti. Siku ya kwanza alitoka kuifuata mara nne. Baada ya miezi minne alikuwa haitoki tena, na alikuwa anajua kufungua diski za breki bila kuambiwa spana gani. Alikuwa hajalipwa mshahara kamili bado. Alikuwa analipwa chakula cha mchana, shilingi mia mbili, na ruhusa ya kuwa mahali fulani saa mbili asubuhi. Ukishawahi kukosa hiyo ruhusa unajua thamani yake.

Mwalimu alishuka na hakusalimu. Alikuwa na karatasi. Taa ya injini iliwaka siku nne zilizopita, akaenda gereji nyingine mjini, wakachomeka mashine, ikatoa P0135. Fundi wa huko akamwambia ni sensa ya kwanza, imekufa. Halafu akaongeza maneno mengine: kwamba hiyo sensa haionekani kama ya gari hilo, huenda amebadilishiwa, wamechukua orijino wakaweka ya mtumba iliyochoka. Akamuuliza, mara ya mwisho ulitengenezea wapi? Mwalimu akataja mtaa. Fundi akacheka. Basi, kesi ikaisha pale.

"Sitaki kelele," mwalimu alimwambia mzee wa gereji. "Nataka sensa yangu. Mimi nawajua hawa vijana wa Kipsongo, nimewafundisha."

Mzee akageuka akamtazama kijana. Hakumuuliza, "Ulichukua?" Alimuuliza, "Uliuzia nani?"

Ningependa kukwambia kijana alijitetea. Hakusema kitu. Aliweka spana chini taratibu, akapangusa mikono kwa suruali, akaanza kuelekea geti. Ukikua kwetu unajifunza mapema kwamba maelezo marefu ndiyo dalili ya kwanza ya mwizi.

Sisemi sisi ni malaika. Spea za magari huibwa, na kila fundi anajua hivyo. Ile masega, kichujio cha moshi kilicho kwenye egzosi, hukatwa usiku kwa sababu ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Sensa ya mtumba pia ina mnunuzi. Kwa hiyo tuhuma ya mwalimu haikuwa ya kichaa. Ilikuwa inawezekana. Shida ni kwamba inawezekana si sawa na imetokea, na pale uani hakuna aliyekuwa ameshika hata mita.

"Mzee," nikasema, "nipe saa moja. Na huyu asiende, namhitaji anishikie tochi."

Mwalimu akaangalia saa yake. "Madam, si tayari wamepima?"

"Wamesoma, mwalimu. Hawajapima."

Hapa ndipo ningependa ubaki nami kidogo, hata kama huna gari. Zile namba mafundi huziita kodi, kama kodi ya nyumba, na watu huzichukulia hivyo hivyo: imekuja, lipa. Soketi ya kuzisomea ilienea baada ya Marekani kulazimisha magari yote mapya kuanzia modeli za 1996 yawe na mfumo mmoja. Herufi P ni ya injini na gia. P0135 ina maana yake, nayo ni hii: hitilafu kwenye saketi ya hita ya sensa ya oksijeni, ile ya kwanza. Neno la kushika ni saketi. Kompyuta haijasema sensa imekufa. Imesema: nimepeleka umeme wa hita, haujazunguka vile nilivyotarajia. Barabara kati ya betri, fyuzi, waya, hita, waya wa kurudi na kompyuta imekatika mahali. Wapi, haijui. Nani, haijui kabisa.

Nilianza kwa kumuuliza ndugu yake mwalimu, aliyekuwa amekaa kwenye usukani kimya, gari linasumbua wakati gani.

"Linakula mafuta nikizunguka hapa town, hizi trip fupi za asubuhi," akasema. "Lakini nikishika barabara ya Kapenguria, halina shida. Ni kama gari lingine."

Hilo jibu peke yake lilikuwa nusu ya kazi. Sensa iliyokufa imekufa, haifufuki kwa sababu umeshika barabara ndefu. Lakini sensa nzima isiyo na hita itafanya hivyo hasa: asubuhi ya baridi inachelewa kupata joto, kompyuta inamwaga petroli kwa kukisia, halafu ukipanda mlima moshi wenyewe unaipasha na inaamka.

Nikaangalia fyuzi. Nzima. Nikangoja injini ipoe, nikachomoa soketi ya sensa. Ina nyaya nne: mbili nyeusi za hita, moja ya ishara, moja ya kurudi. Nikaweka mita kwenye zile mbili nyeusi. Kwa sensa nyingi za aina hii, hita nzima ikiwa baridi husoma kati ya omu 11 na 16. Hita iliyokatika haisomi kitu. Mita ikasema 13.2.

"Mwalimu, njoo uone."

Alikuja. Nilimweleza kwamba hita iko hai, na kwamba sensa si mgonjwa. Akasema, "Lakini inaweza kuwa ya mtumba na bado iwe hai." Nikakubali, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mwalimu ni mwalimu. Nikamwambia hilo tutalifikia.

Nikawasha swichi bila kupiga stata, nikapima upande wa gari. Volti 12.3 kwenye waya wa moto. Umeme unafika. Kwa hiyo kilichobaki ni waya wa pili, ule ambao kompyuta huutumia kukamilisha safari. Nikazima, nikatoa terminali ya betri, nikachomoa plagi ya kompyuta, nikaweka ncha moja ya mita huku na nyingine kule. Waya mzima unaifanya mita ilie. Yangu ikanyamaza. Nikahamisha ncha, nikasukuma vizuri, nikajaribu tena. Kimya.

Basi kuna mahali waya umekatika, kati ya injini na kompyuta, mahali ambapo mtu anayebadilisha sensa hana haja ya kufika. Huko nyuma ya injini ni giza na mkono wangu hauingii hadi mwisho. Wa kijana unaingia. Alikuwa amesimama pale na tochi saa nzima bila kusema neno. Nikamwambia afuate mkanda wa nyaya kwa vidole, polepole, asivute.

Alifika karibu na ukuta wa kabati la gari akasimama.

"Dada," akasema, "kuna mahindi huku."

Akatoa mkono. Kwenye kiganja kulikuwa na punje sita za mahindi, nyuzi za gunia, na vipande vya plastiki nyeusi vilivyotafunwa hadi vikawa kama chenga za chai. Nikaingiza kioo kidogo na kuangalia. Nyaya mbili zilikuwa zimeguguniwa. Mmoja umebaki na ngozi nusu, mwingine umekatika kabisa. Alama za meno zilionekana wazi, mbili mbili, ndogo.

Nikamuuliza mwalimu gari hulala wapi.

Alichukua muda kujibu. Hulala stoo. Tangu mavuno, stoo ina magunia arobaini ya mahindi ambayo anayashikilia akingoja bei ipande kabla ya kuuza, kama nusu ya watu wa Trans-Nzoia wanavyofanya kila Januari. Gari liko ndani na mahindi, na usiku injini ina joto. Panya naye anajua kutafuta nyumba.

Lakini nilikuwa nimemwahidi ile habari ya mtumba. Nikamwonyesha sensa kwa kioo, pale ilipofungwa kwenye egzosi. Nati ya sensa iliyokaa miaka kwenye moto hushikwa na kutu, na huwezi kuifungua bila spana kuacha alama ya chuma kinachong'aa kwenye kona zake. Hii ilikuwa na kutu ya hudhurungi pande zote sita, na vumbi lililokauka juu ya kutu. Haikuwa imeguswa na spana kwa muda mrefu sana, pengine tangu Japani.

Kazi yenyewe ilichukua dakika arobaini. Tulikata sehemu iliyoharibika, tukaunga kipande cha waya wa unene uleule, tukaziba kila kiungo kwa mpira unaojikaza kwa joto, tukaifunika nyaya na kuifunga mbali na egzosi. Upande huo wa gari unaweza kuunga bila wasiwasi. Nyaya za sensa yenyewe hatukuzigusa. Tukafuta ile kodi, tukapiga stata, na nikamwita kijana aangalie mashine. Ndani ya dakika mbili ile namba ilianza kucheza: 0.1, 0.8, 0.2, 0.9. Hakuwa ameiona hapo awali. Aliitazama kama mtu anavyotazama mpira.

Bili ilikuwa shilingi mia nane. Sensa mpya ingemla mwalimu maelfu, na taa ingewaka tena kabla hajatoka nje ya mji, kwa sababu waya ungekuwa bado umekatika.

Mwalimu alilipa. Alisema, "Nilikuwa nimeambiwa." Alirudia mara mbili. Kisha akatoa hamsini akampa kijana, "ya soda." Kijana aliipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Baadaye rafiki zangu walionisikia nikisimulia walitaka aikatae. Wao hawajawahi kuishi siku nzima kwa mia mbili.

Mzee wa gereji hakuomba msamaha, na sikutarajia aombe. Jioni, tukifunga, alimwambia tu, "Kesho saa mbili." Kila siku kijana alikuja saa mbili bila kuambiwa. Siku hiyo aliambiwa.

Nimeliwaza jambo hili sana, na si kwa sababu lilimalizika vizuri. Lilimalizika vizuri kwa bahati ya panya kuacha punje. Je, kama sensa ingekuwa kweli imekufa? Sensa hufa, ni kitu cha kuchakaa. Kijana angekuwa bado hana hatia, lakini hakungekuwa na mahindi ya kumtetea. Kutu kwenye nati ingetosha kwa mtu anayetaka kuangalia nati. Wangapi wanataka?

Kwa hiyo tuna kitabu sasa, kaunta buku ya kawaida ya kurasa mia mbili. Nilianza nacho mimi, na siku hizi wateja wengine wanakiomba wenyewe. Kila gari linaloingia na taa, tunaandika kodi upande wa kushoto. Upande wa kulia tunaandika tulichopima: fyuzi, omu, volti, waya. Hakuna anayeruhusiwa kutaja jina la spea hadi upande wa kulia uwe na angalau mistari mitatu. Ukienda gereji yoyote nchini na taa yako ya njano, nakushauri uulize vivyo hivyo: mmepima nini, mkapata ngapi? Fundi anayejua kazi hatakasirika. Ukurasa wa kwanza wa kitabu chetu una mwandiko wa kijana, herufi kubwa zilizoinama: P0135. PANYA.

Mwezi Machi simu ya mteja ilipotea uani. Ilikuwa kwenye kiti cha nyuma, kisha haikuwepo. Niliona macho yakianza safari yao ya kawaida kuelekea kwa kijana, na niliona naye ameyaona, kwa sababu aliweka spana chini. Mzee akasema tungoje. Akavua koti lake, akatoa mifuko yake nje, funguo, tumbaku, risiti, akaviweka kwenye boneti. Halafu akaniita mimi. Halafu fundi wa bodi, wachomeleaji wawili, na kijana akiwa wa sita kwenye foleni ya watu saba.

Simu haikupatikana hadi leo. Kijana bado yuko nasi.